Kijiji cha Nane Nukta Saba

Boza la maji huja kwetu La Perlita kila Jumanne na Ijumaa. Limekuwa likija hivyo kwa miaka kumi na miwili, tangu nikiwa darasa la tano. Kisima tunacho, lakini kina kufuli. Kilifungwa baada ya wapimaji kukuta ndani yake dawa ya kuua magugu, ile inayopuliziwa mananasi. Na mananasi yametuzunguka pande tatu. Upande wa nne ni barabara, ambako malori hupita kuyapeleka bandarini, kila nanasi likiwa na kibandiko cha chura anayecheka, alama ya zao lisilodhuru msitu.

Sisi tunaoishi hapa tumezoea kubeba madumu kwenye mvua. Nataka ulielewe hilo vizuri: mvua hapa hainyeshi kwa msimu, inanyesha mwaka mzima. Mitaro imejaa, nyasi zinateleza, kuta zina ukungu, na wewe umesimama na dumu ukisubiri maji yaje kwa lori.

Lakini Kosta Rika ni nchi ya furaha. Ukishuka kwenye ndege San José, ukuta mzima umepambwa kwa msitu, ndege wa rangi saba na bibi mmoja anayecheka. Hatuna jeshi. Tuna vipepeo. Nilipokuwa chuoni nilijivunia mambo hayo, na bado kuna mengine najivunia. Nilisomea takwimu. Niliamini kwamba namba ni kitu safi, kwamba ukimwuliza mtu swali la haki na ukaandika jibu lake bila kuongeza wala kupunguza, siku moja mwenye mamlaka atalisoma jibu hilo na ataona haya.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa na kampuni moja ya utafiti ya mjini. Ilikuwa imekodishwa na ofisi inayolipia maboza, ili ipime ustawi wa vijiji. Nilipoona La Perlita kwenye orodha, niliomba nipelekwe mimi. Nilifika nyumbani na fulana ya kijani, kishikwambi mkononi, na msimamizi aliyeitwa Mauricio, kijana mpole mwenye viatu vyeupe ambavyo havikumaliza saa moja vikiwa vyeupe.

Tulianzia kwa Don Olman, jirani yetu wa mkono wa kulia.

"Ingia, mwanangu, usisimame mvuani kama mwuza bima. Na huyu mrefu ni nani? Mchumba?"

"Msimamizi wangu, Don Olman. Leo nimekuja kikazi."

"Msimamizi wa Yendry?" Alimshika Mauricio bega. "Pole sana, kijana. Huyu tangu mtoto hasimamiki."

Mkewe, Doña Flora, alileta kahawa na mkate wa mahindi. Tulikaa. Kabla sijafungua dodoso, Don Olman alikuwa ameshatueleza yote: goti la mkewe lililoharibiwa na madumu, mjukuu aliyetokwa na malengelenge shingoni wiki ile boza lilipoharibika na wakamwogesha maji ya mtaro, ng'ombe aliyezaa ndama mfu. Alieleza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesimulia mechi ya jana. Mimi nilijiambia, leo haya yote yataandikwa.

"Haya, Don Olman. Kutoka sifuri hadi kumi, unaridhika kiasi gani na maisha yako?"

"Tisa."

Nilidhani anatania. "Tisa? Si umetoka kuniambia habari za mjukuu?"

"Hayo ni mazungumzo. Wewe sasa umeniuliza maisha. Nina mke, nina paa, nina mgeni mezani. Nikisema nne mbele ya kijana wa watu aliyetoka San José kwenye mvua hii, akirudi atasemaje? Kwamba alikunywa kahawa kwa mtu asiye na shukrani?"

"Na huduma ya maji?"

Alichungulia dirishani. Ilikuwa Ijumaa, na Greivin, dereva wa boza, alikuwa nje akiburuta mpira wa maji kuelekea nyumba ya pili, amelowa hadi chupi.

"Kumi," alisema kwa kunong'ona. "Yule ana watoto watatu. Nikitoa nne, huko ofisini watasema ni uvivu wake, watamfukuza."

Nilibonyeza tisa. Nilibonyeza kumi. Nilikuwa nimefundishwa kutobishana na mhojiwa.

Nyumba baada ya nyumba ilikuwa hivyo hivyo. Walilalamika wakikoroga kahawa, kisha swali likija walikaa sawa, wakanyoosha nguo, wakatoa nane, tisa, kumi. Hata mama yangu, Doña Xinia, mwenyekiti wa kamati ya maji, ambaye kwa miaka kumi na miwili ameandika barua thelathini na moja kuhusu kisima kile, zote zikianza kwa kuomba radhi kwa usumbufu, alinitazama, akamtazama Mauricio, akasema, "Nane. Na usinikazie macho hivyo mbele ya mwenzako."

Nyumba ya mwisho siku hiyo haikuwa nyumba, ni chumba cha kupanga nyuma ya uwanja wa mpira. Anakaa hapo Doña Petrona na mabinti zake wawili. Ametoka Chontales, Nikaragua, na yuko hapa mwaka wa tisa, akifanya kazi shamba la mananasi. Alitupokea mlangoni akiwa bado na buti, mikono imechanikachanika kwa majani.

"Sifuri hadi kumi?"

"Ndiyo, Doña Petrona."

"Mbili."

Nilisubiri acheke. Hakucheka.

"Mbili kweli?"

"Umesikia. Au mashine yako haina mbili?"

"Inayo."

"Basi bonyeza. Na maji, sifuri. Greivin ni mtu mzuri, mpe kumi yeye kama kuna pa kumwandika. Lakini maji, sifuri. Mvua inanipigia bati usiku na mchana, halafu nasubiri lori liniletee maji ya kunywa. Hilo mnalifurahia nyinyi. Kwetu tungeona haya."

Tulipofika barabarani Mauricio aliangua kicheko. "Wanikaragua hawa! Hata peponi watauliza meneja yuko wapi."

Nami nikacheka. Naandika hili kwa sababu lazima liandikwe. Nimekulia kwenye utani huo, kwamba wao ni watu wa kunung'unika na sisi ni watu wa amani. Nilicheka kama mtu anavyopiga chafya.

Wiki moja baadaye, ofisini, Mauricio alinisimamia nyuma ya kiti. Katika fomu za La Perlita zilikuwepo tatu zenye namba za chini: mbili, tatu na moja. Zote tatu za Wanikaragua: ya Doña Petrona, na mbili za wapangaji wenzake niliowahoji kesho yake.

"Hizi ondoa," alisema.

"Kwa nini? Wanaishi pale."

"Sampuli ni ya wenye kitambulisho cha taifa. Na angalia zinavyoharibu mchoro wako. Ni mzuri sana bila hizo."

Ilikuwa kanuni kweli, ilikuwa imeandikwa. Nilizifuta. Haikuchukua hata dakika.

Barua ilifika miezi minne baadaye. Mama aliisoma amesimama mbele ya duka la kijiji, na watu wakakusanyika. Ilisema kwamba utafiti wa kisayansi umeonyesha wakazi wa La Perlita wanaridhika na maisha kwa kiwango cha nane nukta saba, juu ya wastani wa taifa. Ilisema kwamba dawa iliyomo kisimani iko ndani ya kiwango kipya kinachokubalika. Kwa hiyo huduma ya dharura ya boza ingekoma tarehe thelathini, na kisima kingefunguliwa. Ilitupongeza.

Ndani ya bahasha waliweka na jarida la watalii. Ukurasa wa katikati alikuwepo Don Olman, kinywa wazi, pengo lake la mbele likionekana, chini yake pameandikwa kwamba katika kijiji hiki kidogo cha mananasi watu wana siri ya furaha ambayo dunia tajiri imeisahau.

"Nimetoka vizuri," alisema Don Olman kwa sauti ndogo. Hakuna aliyecheka. Doña Flora alimnyang'anya lile jarida, akalikunja, akaondoka nalo.

Sijawahi kuwa na hasira kama ile. Niliwakasirikia wenye ofisi, wanaojua kabisa kwamba theluthi mbili ya kijiji hula kwa shamba lile na kwa hiyo hakitapiga kelele. Niliukasirikia ule ukuta wa uwanja wa ndege. Niliwakasirikia wanaokula nanasi lenye chura na kudhani wameokoa msitu. Niliwakasirikia majirani zangu kwa adabu yao. Na kila nilipomaliza orodha hiyo, mwisho wake nilikuwa mimi, na kidole changu.

Jumamosi iliyofuata saa nane mchana, ofisa alikuja kutueleza uamuzi huo. Jina lake Don Esteban Arguedas, mtu mzima, mnene, mwenye sauti ya kulaza watoto. Ukumbi ulijaa. Mama alikuwa amemwandalia pejibaye za kuchemsha, tunda letu la jamii ya mitende, na kahawa, kwa sababu mgeni ni mgeni. Wanikaragua walisimama mlangoni, nusu ndani nusu mvuani, kwa kuwa si wanachama wa kamati na viti ni vya wanachama.

Don Esteban alisoma taarifa yake ukurasa kwa ukurasa. Alipofika kwenye nane nukta saba alinyanyua kichwa, akatabasamu. Alipomaliza, tulimpigia makofi.

Ndiyo, tulipiga makofi. Watu wale wale waliokuwa na machozi dukani. Mtu amemaliza kusoma, na mtu akimaliza kusoma hupigiwa makofi. Nilijikuta viganja vyangu vimeshakutana mara mbili kabla sijavizuia.

Nilisimama. "Don Esteban, namba hizo hazisemi unachosoma."

"Binti, kama sikosei, wewe ndiye uliyezikusanya."

Ukumbi ulicheka kidogo.

"Ndiyo mimi. Kwa hiyo naomba tuwaulize tena, hapa hapa, nawe ukisikia. Don Olman, anza wewe. Maji yetu, sifuri hadi kumi."

Don Olman alisimama. Alivua kofia. Nilijua alichotaka kusema. Tulikuwa tumekizungumza asubuhi ile uani kwake, na alikuwa amepiga meza kwa ngumi.

"Mimi, kwa heshima yote, Don Esteban, na kwa kuwa umetoka mbali na barabara yetu ni mbovu… saba."

"Don Olman!"

"Sita na nusu!"

"Keti, aibu gani hii!" Doña Flora alimvuta shati. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, ulitaka amwambie mtu mzima sifuri usoni, na kahawa yake hajamaliza?"

Don Esteban alikunjua mikono, amefurahi kweli, bila hila. "Mnaona? Hata mkigombana mnagombana kwa upendo. Laiti nchi nzima ingekuwa kama nyinyi."

Hapo nilihisi kitu kinakatika. Aliamini. Mtu yule hakuwa akitudanganya. Alikuwa ameambiwa sisi ni nani kabla hatujazaliwa, na kila tulichofanya kilimthibitishia. Tungelia, angeona unyenyekevu. Tungekufa, angesema tumekufa kwa amani.

"Nilifuta watu watatu," nilisema.

Don Esteban aliweka kikombe mezani.

"Kwenye hesabu. Watu watatu walisema ukweli, nami nikawafuta kwa sababu hawana kitambulisho chetu. Mmoja yuko pale mlangoni. Doña Petrona, nisamehe. Ulisema mbili, na maji ukasema sifuri. Na nilipofika barabarani nilikucheka."

Doña Petrona hakuonyesha kama amesikia radhi yangu. Alikuwa anamtazama Don Esteban.

"Naomba kusema," alisema.

Katibu wa kamati alikohoa. "Kwa kanuni, Doña Petrona, wasio wanachama hawana…"

"Tumefikia mahali Mnikaragua atusemee?" alinong'ona mtu nyuma yangu, si kwa sauti ya chini ya kutosha.

Mama aligonga meza kwa kijiko. Sikuwahi kumwona akigonga meza. "Zamu ya kusema ni ya mwenyekiti. Mwenyekiti ni mimi. Zamu yangu nampa yeye. Aingie, na mtu ampishe kiti."

Doña Petrona aliingia, lakini hakukaa.

"Sikuja kuwasemea," alituambia kwanza sisi. "Midomo mnayo. Nimekuja kusema nilichofanya mimi." Kisha akamgeukia ofisa. "Mimi hubeba bomba la dawa mgongoni. Alhamisi moja, kabla ya barua yenu, tulipulizia mistari minne ile ya mwisho, hadi hatua kumi na tano kutoka kwenye kisima. Nilizihesabu. Bendera nyekundu ya tahadhari hatukuweka, kwa sababu msimamizi alisema kuna wageni wa ofisi watapita kupiga picha na bendera itaharibu picha. Jumatatu iliyofuata wapimaji walichota maji, lakini si kwenye kisima hiki. Walichota juu, kilimani, kwenye bomba la nyumba ya meneja. Nilikuwepo. Niliwashikia ndoo."

Sauti ya mvua juu ya bati ikawa kubwa ghafla.

"Hayo ni mambo mazito, mama," alisema Don Esteban. "Unaweza kuyathibitisha?"

"Jina langu liko kwenye daftari la dawa, siku hiyo na siku zote. Petrona Altamirano Ruiz. Anzia hapo."

Kila mtu ukumbini alijua maana ya kulitaja jina lile mbele ya ofisa, siku mbili kabla ya Jumatatu ya kurudi shambani. Mabinti zake walijua. Mdogo alikuwa ameficha uso kwenye koti la dada yake.

Don Esteban alifuta miwani. Aliandika neno moja au mawili. Kisha akasema kwamba malalamiko yote yatafikishwa panapohusika, na kwamba kwa leo kilichobaki ni kusaini tu karatasi ya mahudhurio ili asitucheleweshe. Alimpa mama karatasi na kalamu.

Kwetu, karatasi ya mahudhurio husainiwa kama unavyopokea mkono wa salamu. Imekuja, umesaini. Mama amesaini maisha yake yote. Alishaondoa kifuniko cha kalamu, ameweka ncha kwenye mstari wa kwanza, ndipo akasita. Alisogeza karatasi mbali na macho, akasoma kwa sauti kichwa chake cha habari: "Sisi tuliohudhuria tumearifiwa na kuafiki kufungwa kwa huduma."

"Ni lugha ya kiofisi tu," alisema Don Esteban.

"Naelewa," mama alisema. Alirudisha kifuniko cha kalamu. "Samahani sana, Don Esteban." Akampa katibu ile karatasi.

Katibu aliisoma naye hadi mwisho. Mwanawe ni dereva wa trekta shambani. "Samahani," akasema naye, akampa aliyekaa kando yake.

Karatasi ile ilipita viti sitini na vinne. Sitasahau. Kila mtu aliipokea kwa mikono miwili, na kila mtu aliomba radhi. Wengine waliomba radhi mara mbili. Bibi mmoja alimwuliza Don Esteban kama ameongezewa kahawa, huku akiipitisha bila kusaini. Don Olman aliishika kwa muda mrefu kuliko wote, midomo ikisogea, nikadhani adabu itamshinda. Doña Flora hakumgusa. Hatimaye Don Olman aliilaza karatasi kwenye goti la jirani yake kama kitu chenye moto, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Nisamehe, Don Esteban. Nisamehe kabisa."

Ilirudi mezani nyeupe, ina alama tu za vidole vyenye mafuta ya pejibaye.

"Bila sahihi za jamii siwezi kufunga faili," alisema Don Esteban. Sasa hakuwa anatabasamu. Alitutazama mmoja mmoja kama mtu aliyeingia nyumba asiyoijua.

"Ndivyo ilivyo," mama alimwambia.

Tarehe thelathini ilipita, na Ijumaa boza likaja. Bado linakuja. Hakuna barua iliyotuambia litaendelea hadi lini, na Greivin mwenyewe hajui. Wapimaji wengine wameahidiwa. Kisima hakijafunguliwa. Mimi sina kazi tena katika kampuni ile, na sijutii.

Lakini Jumatatu ile ile, saa kumi na moja alfajiri, Doña Petrona aliambiwa langoni kwamba jina lake halimo kwenye orodha ya siku. Jumanne halikuwemo. Jumatano akaacha kwenda. Tulimsindikiza ofisi ya kazi mjini, watu kumi na mmoja, jambo ambalo La Perlita haijawahi kumfanyia mtu wa Nikaragua, nami nikaona fahari. Yeye alikereka.

"Mnanifuata kama sanamu ya mtakatifu kwenye maandamano," alisema kwenye benchi la kusubiri. "Nani kati yenu anajua dawa gani ilipulizwa wapi, mwaka gani? Hakuna. Mnajua kubeba mwavuli tu. Yendry, wewe si umesoma? Una kalamu?"

"Ninayo."

"Na fomu?"

"Sina fomu, Doña Petrona. Daftari tupu."

"Afadhali."

Tangu siku hiyo huja kwetu kila mchana. Anaketi barazani, anataja mwezi, mstari wa mananasi, rangi ya pipa, harufu, nani alitapika. Mimi naandika. Mara nyingine nikiona sentensi yake ni kali sana naanza kuilainisha, naye husimamisha kalamu yangu kwa kidole.

"Soma ulichoandika."

Namsomea.

"Sikusema hivyo. Futa ya kwako, weka ya kwangu."

Nafuta ya kwangu. Naweka ya kwake. Katika miaka yake tisa ya shambani tumefika wa nne, bado mitano.